Herufi Kwenye Mlango Mtupu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza. Imeanza bila adabu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, nikiwa na mswaki mdomoni, na bati letu limekumbuka papo hapo mahali linapovuja: ukumbini, hatua mbili kutoka mlango wa jikoni. Nimeweka ndoo ya bluu. Mwaka jana niliapa kwamba fundi atakuja kabla ya msimu. Fundi naye aliapa.

Nimefungua daftari hili kwa sababu Mama anasema mvua ikinyesha ulimi wangu unakuwa mkali, na ni afadhali ukali huo niumwage kwenye karatasi. Tunaishi wawili tu, na mvua ikifunga njia hatuna pa kukimbiana.

Mama alifundisha hesabu miaka thelathini na minne. Wanafunzi walimwita Bi Thibitisha, kwa kuwa hata ukimwambia mbili na mbili ni nne, alikuuliza umejuaje. Mwanamke huyo huyo, kila alfajiri kwa miaka ishirini na miwili sasa, anakaa kwenye kiti cha mbao chumbani kwake, anautazama ukuta mweupe saa nzima, mikono magotini, hatikisiki. Hasomi, hasemi, haombi kitu. Yeye na wenzake wanaita "kukaa", basi. Eti ukikaa vya kutosha, kelele za kichwani zikatulia, kilicho kweli kinaweza kujionyesha chenyewe.

Mimi ni mpima macho. Naamini kinachoonekana, na hata hicho nakipima mara mbili.

Leo nilimuuliza, kama ninavyomuuliza kila mwaka, "Haya, umeona nini?"

"Sijaona kitu," akasema huku akifunga skafu. "Chai iko wapi?"

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara tatu.

Jumanne, 12 Machi

Mama kaniuliza mezani kama umeme umepiga alfajiri. Nikasema ndiyo, bila kuinua kichwa. Msimu huu umeme nao ni wa kuulizia?

Jumapili, 17 Machi

Nimemsindikiza Mama kwa wenzake kwa sababu mwavuli wake umevunjika mbavu mbili na hataki kukiri. Wanakutana juu ya duka la fundi cherehani, chumba chenye viti saba vya aina saba. Kiongozi wao, ingawa wenyewe hawalitaki neno hilo, ni tarishi mstaafu anayeitwa Bwana Posta. Viatu vyake hulia kila hatua. Siku zote nimemwona tapeli wa upole. Mtu anawakusanya wazee watazame ukuta, halafu dakika ya kumi anakoroma yeye! Nimemsikia leo kwa masikio yangu, nikiwa nimekaa ngazini na mwavuli unachuruzika.

Saa ilipoisha wakaanza kuongea. Nikamsikia Mama.

"Kuna mwanga," alisema. "Nilidhani ni umeme. Unakuja alfajiri nikikaa, upande wa kushoto. Kama nusu ya bangili. Unang'aa, unapotea, hauna sauti."

Mmoja wa akina mama waliokuwemo akaanza kulia taratibu. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo, nikauona uso wa Mama. Sijawahi kuuona hivyo, hata siku nilipofaulu mtihani wangu wa mwisho. Ulikuwa uso wa mtu aliyebisha hodi miaka ishirini na miwili na leo kasikia "karibu".

Niliona wivu, nikastaajabu, na sijui kipi kilitangulia. Njiani nilimshika mkono kwenye madimbwi nikijiuliza: kama ni kweli, je?

Jumatatu, 18 Machi

Asubuhi nilikwenda kliniki nikiwa bado nauwaza mwanga wa Mama.

Saa nne aliingia seremala mmoja, mtu wa miaka sitini hivi. Nikamuuliza shida yake. Akasema, "Naona mwanga pembeni, dada. Kama nusu bangili. Unawaka unazima." Maneno yale yale! Kalamu ilinidondoka ikaenda kujificha chini ya kabati.

Nilimpeleka kwa daktari wetu. Tunamwita Daktari Huenda, kwa kuwa hajawahi kusema jambo bila kulitanguliza neno hilo. Huenda ni mtoto wa jicho. Huenda ni presha. Hata ukimuuliza kama chakula cha mchana kimefika, atasema huenda. Alimtazama seremala, akaniita. Retina, ule utando mwembamba wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ilikuwa imechanika. Utando ukivutwa hauna njia ya kusema unaumia. Kitu pekee unachojua kukisema ni mwanga, basi hapo unapovutwa unasema mwanga. Ukiachwa ubanduke wote, jicho linazima, na halirudi.

Haya nayajua. Nimeyasema kwa wagonjwa mara mia. Na jana nilikaa ngazini nikamsikia mama yangu mzazi akiyataja, nikasisimka kama mtoto.

Niliomba ruhusa, nikakimbia. Nyuma ya mlango wa jikoni bado ipo ile chati ya herufi niliyoibandika nikiwa mwanafunzi. Nikamsimamisha Mama kwenye alama ya rangi sakafuni, nikampa kijiko cha mbao afunike jicho moja moja. Akasoma mistari yote kumi na mmoja, kulia na kushoto, bila kosa, mpaka herufi ndogo kama sisimizi.

"Umeridhika?" akauliza.

"Bado. Twende Daktari akupanue mboni, atazame nyuma."

"Hapana."

"Mama, ule mwanga..."

"Najua utakachosema. Mtatazama, mtakuta tundu, halafu mtaniambia mwanga wangu ni tundu." Akanirudishia kijiko. "Miaka ishirini na miwili ya ukuta mtupu, mwanangu. Kimekuja kitu kimoja. Kimoja tu! Niachie mpaka mvua iishe, kisha nitakuja mwenyewe nikupe jicho upime unavyotaka."

Ningemburuta? Amesoma mistari yote. Nimejiambia hivyo, na najua hiyo haitoshi.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Mama kakaa, Mama kauona. Sikuuliza. Kaniambia tu.

Jumatatu, 25 Machi

Leo jioni nilitaka kumshawishi kwa ujanja. Nilichora msalaba kwenye karatasi, na kando yake, upana wa kiganja, kitone cheusi. Nikamwambia afunike jicho la kushoto, autazame msalaba kwa la kulia, na kuisogeza karatasi polepole.

"Kimepotea!" akasema. "Kitone kimepotea!"

Nilimweleza kwamba mahali mshipa wa jicho unapotokea nyuma hapana uwezo wa kuona. Kila mtu ana tundu hilo, kila jicho, tangu kuzaliwa. Hatulioni kwa sababu ubongo unalijaza.

Basi, nilisahau nacheza na nani. Mama alilirudia jaribio mara kumi na mbili, akapima umbali kwa rula, akaandika. Akachora mistari ya daftari kupitia kitone, akaona kitone kinapotea lakini mistari haikatiki, inapita palepale pasipoonekana. Akacheka mpaka akashika kiti.

"Yaani maisha yangu yote kuna shimo mbele yangu na sijaliona?"

"Ubongo unajaza, Mama."

"Unajaza kwa kitu gani?"

"Kwa kile unachodhani kipo."

Akaitazama karatasi. Mvua ilikuwa inapiga bati. "Na nani anayedhani?" akauliza. "Mimi sikudhani kitu. Nilikuwa naangalia msalaba."

Nimesoma miaka minne na kufanya kazi miaka kumi na tatu, na swali hilo sijawahi kuulizwa. Nilibaki nimeshika karatasi, nywele zimenisimama. Somo lile lile nililikariri kwa mtihani, nikapata alama nzuri, na sikuwahi kulistaajabia hata dakika moja.

Suala la Daktari halikutajwa tena. Alinishinda bila kujitahidi.

Jumatatu, 1 Aprili

Mama kamimina chai kando ya kikombe. Kasema birika limepinda mdomo. Nimelichunguza birika. Halijapinda.

Jumamosi, 6 Aprili

Tumegombana. Alisimama dirishani akasema mvua ya leo ina masizi, ona vile vidoa vyeusi vinavyoshuka. Nikatazama. Mvua ilikuwa safi. Nikajua ni damu, inaelea ndani ya jicho lake.

Niliomba, nikabembeleza, nikapaza sauti. Yeye anarudia: mvua ikiisha. Ndipo nikasema lile ambalo daftari hili liliwekwa ili nisiliseme: "Mwanga wako ni ugonjwa! Ni nyama inachanika! Hakuna aliyekuitikia hodi!"

Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Alivaa skafu yake, akaingia chumbani, akafunga mlango pole.

Jumapili, 7 Aprili

Ndoo tu ndiyo inayosema.

Jumanne, 9 Aprili

Nimekwenda kugombana na Bwana Posta. Nilijipanga maneno njia nzima, na yalikuwa makali kwelikweli.

Nilimkuta chumba cha juu peke yake, amekunja suruali mpaka magotini, anapiga deki. Na kwao kunavuja. "Karibu, binti," akasema. "Angalia hapo utateleza." Viatu vyake vilikuwa juu ya meza, vimenyamaza kwa mara ya kwanza.

Nilimwaga yote nikiwa nimesimama: retina, damu, jicho litakalozima, na wao wanaomlilia machozi ya furaha juu ya tundu. Alisikiliza huku ameshika fimbo ya deki. Nilipomaliza, akaketi polepole.

"Hajatuambia kwamba una wasiwasi," akasema. "Ametuambia ule mwanga tu." Akajifuta uso. "Sasa sikia. Nimekaa miaka thelathini, na sijawahi kuona kitu. Hata cheche. Mimi nalala, binti, wewe mwenyewe umenisikia. Mama yako alipotuambia, nilifurahi kama mjinga. Nikasema, angalau mmoja wetu."

Nilitarajia abishe. Maneno yangu makali yakakosa pa kutua.

"Nimepeleka barua miaka thelathini na moja," akaendelea. "Bahasha si barua. Lakini bahasha ikichanika na mvua hii, barua inalowa. Mtu asiyejali bahasha si mtu wa posta. Mpeleke."

"Hataki. Anaogopa tutamnyang'anya."

"Kama ni kweli, daktari ataunyang'anya vipi, na taa yake ile? Na kama si kweli, sisi tunautaka wa nini?" Akainuka, akashika deki. "Kesho jioni nakuja kumwambia hivyo hivyo. Akinitupia kiti, unipangusie damu."

Nilirudi nimelowa chapachapa, na aibu juu. Nimemwita tapeli miaka yote hii, na ndiye wa kwanza kuniambia hajui.

Jumatano, 10 Aprili

Sina budi kuliandika hili lilivyotokea, hatua kwa hatua, kwa sababu kesho huenda nisiliamini.

Nilitoka kazini mapema. Mama alikuwa jikoni, amesimama kwenye alama ya rangi sakafuni, kijiko cha mbao mkononi. Tangu Jumamosi alikuwa hajanisemesha. Akasema bila salamu, "Nipime tena. Nikisoma yote, mtaniacha, wewe na mtu wako wa posta. Amepiga simu."

Akafunika jicho la kulia. La kushoto, lenye ule mwanga, likabaki wazi. Akaanza kusoma. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sauti ya darasani, safi, haina kigugumizi. Nilikuwa bado nimeupa mlango mgongo, navua koti. Nikageuka kumfuata kwa macho, mstari wa nne, wa tano.

Mlangoni hapakuwa na chati.

Unyevu wa mvua ulikuwa umeibandua gundi. Chati ilikuwa sakafuni, imejikunja kama ganda, imelala upande wa pili wa kigoda. Mlango ulikuwa mtupu, mbao na rangi nyeupe tu. Na mama yangu anasoma mstari wa saba, kidole cha mkono mmoja kikihesabu herufi hewani.

Nilimwacha afike wa kumi na moja. Hakukosea hata moja.

Hapo nikaelewa nilivyokosa tangu mwanzo. Nilipokuwa mwanafunzi nani aliketi jioni zote kuwa mgonjwa wangu? Nani aliisoma chati hii mamia ya mara ili mimi nijifunze kupima? Mgonjwa mwingine yeyote ningembadilishia chati bila kufikiri. Mama yangu nikampima kwa kitu anachokijua kwa moyo, nikaandika kichwani mwangu kwamba anaona.

"Mama," nikasema. "Fungua jicho la kulia."

Akaondoa kijiko. Akautazama mlango. Akatazama chini, akaiona chati. Akarudisha kijiko kwenye jicho la kulia, akatazama mlango tena. Akaondoa. Akarudisha. Alifanya hivyo mara tano au sita, kama siku ile ya msalaba na kitone, ila safari hii hakucheka.

"Nimeziona," akasema kwa sauti ndogo. "Sikukudanganya, mwanangu. Sikuwa nakumbuka. Nimeziona pale, nyeusi kwenye nyeupe."

"Nakuamini."

"Nimeziona, na hazipo." Akaketi kwenye kigoda. Tulisikia ndoo ikidondokewa, tone, tone. Nilitamani kumkumbatia lakini alikuwa anafikiri, na Bi Thibitisha akifikiri haguswi. Hatimaye akasema, "Kama jicho hili linaweza kunionyesha herufi zisizokuwepo, basi sina haki ya kuwaambia watu habari za mwanga wake. Sina uthibitisho. Nipeleke."

Bwana Posta alifika saa kumi na moja, amejiandaa kutupiwa kiti, akakuta tunafungasha begi. Viatu vyake vililia ukumbi mzima, na sikuwahi kufurahi hivyo kuvisikia.

Alhamisi, 11 Aprili

Dada Matone, muuguzi wetu, alimtia Mama matone mara tatu, mboni ikafunguka kama dirisha. Daktari Huenda alimtazama muda mrefu. Kisha akanipisha kiti chake. "Tazama," akasema. "Ni haki yako."

Nimeyatazama macho ya watu maelfu. Sikuwahi kulitazama la Mama. Niliingiza mwanga, ikatokea sakafu yote ile, rangi ya chungwa lililoiva, na mishipa ikitawanyika kama mito inavyoonekana ukiwa juu sana. Mito ilikuwa inapiga, tena inapiga kwa mapigo ya moyo wake. Hapa ndipo nilipoonekana kwa mara ya kwanza nilipozaliwa. Picha yangu ya kwanza duniani iliangukia hapa, kichwa chini miguu juu, kama picha zote zinavyoangukia, na kuna kitu ndani yake kikaigeuza kikasema huyu ni mwanangu. Kitu gani? Mashine hii haikionyeshi. Nilisogea karibu mpaka pumzi yangu ikakitia kioo ukungu.

Halafu nikauona mpasuko. Nyuma, umekunjika kama kona ya ukurasa. Maji yalikuwa yameshaingia chini yake na kuinua utando karibu mpaka katikati. Imebaki nafasi ndogo kuliko punje ya mchele.

Leo Daktari hakusema huenda. Alisema, "Kesho, saa mbili asubuhi. Tukichelewa, anapofuka."

Ijumaa, 12 Aprili

Mama amekuwa ndani ya chumba cha upasuaji kwa muda wa saa mbili na dakika arobaini. Mimi na Bwana Posta kwenye benchi. Hakukoroma.

Imeisha. Wameshona, wamechoma kwa leza, wameweka kiputo cha gesi ndani ya jicho kiushikilie utando. Lakini kiputo hupanda juu. Ili kikandamize pale nyuma, lazima Mama awe amelala kifudifudi au ameinamisha uso chini, siku kumi, usiku na mchana, ila dakika tano kila saa za kula na kunyoosha mgongo. Daktari alinivuta pembeni. "Huenda wengi wanashindwa," akasema. Nikashukuru kulisikia neno lake limerudi. "Siku ya pili mgongo unauma, ya tatu wanageuka, na kazi yote inakwenda na maji. Mwambie asitikisike."

Nilicheka kwa sauti. Alinishangaa sana.

Jumapili, 14 Aprili

Hatikisiki. Amekaa kwenye kile kiti cha mbao, paji la uso juu ya mto mezani. Dada Matone alikuja kumwangalia nyumbani, akauliza, "Huyu amefanyia wapi mazoezi?" Nikamwonyesha ukuta.

Jumatano, 17 Aprili

Siku ya tano. Mvua kubwa, barabara imefungwa, sikwenda kazini. Nilikuwa namkanda shingo, akaanza kusema kwa sauti ya kwenye mto.

"Nilijua, mwanangu. Tangu wiki ya kwanza."

"Ulijua nini?"

"Mwanga haukuja nilipotulia. Ulikuja nilipogeuza jicho. Nikigeuza kushoto, unawaka. Nikitulia kabisa, hakuna. Nilijaribu mara tatu, majibu yale yale. Kisha nikaacha kujaribu." Akapumua. "Mimi! Niliyewafukuza watoto wa watu darasani kwa kuficha kazi isiyolingana na jibu walilolitaka. Mwanga wangu ulikuja kila nilipotikisika, na nikawaambia wenzangu umekuja kwa sababu ya kukaa."

Mikono yangu ilisimama shingoni mwake. Nilisema, "Na mimi nilikupima kwa chati uliyoikariri, kwa sababu nilitaka usome yote."

Mto ukatikisika. Anacheka, nikadhani, kisha nikaona analia, kisha nikaona vyote viwili. Nikamkaripia asitikisike.

Jumapili, 21 Aprili

Wenzake sita wamekuja na viti vyao, kwa sababu yeye hawezi kupanda ngazi. Mama aliwaambia akiwa ameinamia meza, hawezi kumtazama yeyote usoni: "Nililowaambia lilikuwa jicho. Limechanika, na nilihisi hivyo, na sikusema. Mnisamehe."

Yule mama aliyelia mwezi uliopita alijikunyata. Nilitazama sakafu. Nilikuwa nimeshinda ubishi wa miaka ishirini na miwili, na nilitamani ningeshindwa.

Bwana Posta alikohoa. "Basi tukae," akasema.

Na wakakaa. Mmoja mmoja waliinamisha nyuso zao chini, kama yeye, saba kwa jumla, wanautazama mwisho wa vidole vyao. Bwana Posta alikoroma dakika ya tisa. Mama alisema kimyakimya, "Dakika moja kabla ya kawaida." Yule mama aliyejikunyata ndiye aliyecheka wa kwanza.

Ijumaa, 3 Mei

Tangu siku kumi ziishe, ameruhusiwa kuinua kichwa. Kiputo bado kimo, anakiona kinacheza kama maji kwenye glasi. Kila asubuhi anachora ukubwa wake, anatafuta mlinganyo wa namna kinavyopungua. Amesema kitaisha Mei kumi na nane. Daktari amesema huenda.

Jumanne, 7 Mei

Manyunyu tu. Ndoo haikufika nusu.

Jumapili, 12 Mei

Leo alfajiri nimeleta kiti changu. Mama hakuuliza. Nikakaa kando yake, mbele ya ukuta.

Dakika tano nilifikiria bati. Kumi, nilifikiria bati na fundi. Baadaye sijui. Ukuta ulikuwa ukuta. Lakini nilikumbuka kwamba mahali fulani pale mbele kuna tundu langu, moja kwa kila jicho, na kuna kitu ndani yangu kinalipaka rangi nyeupe bila kuniambia, wakati huu huu, kimya, kwa ustadi ambao hakuna fundi anao. Nilihisi nimekaribishwa nyumbani kwa mtu nisiyemjua ambaye ameniandalia kila kitu. Machozi yalinitoka na sikuwa na huzuni yoyote.

"Umeona nini?" Mama akauliza saa ilipoisha.

"Sijaona kitu."

"Vizuri. Chai iko wapi?"

Jumamosi, 18 Mei

Kiputo kimeisha saa tano asubuhi. Mama ametembea nyumba nzima ameinua kidevu.

Jumatatu, 20 Mei

Hakuna mvua. Fundi amekuja kuziba bati, sasa ambapo halina haja.

Nimerudi na chati mpya kutoka kliniki. Niliileta imeviringishwa, ndani ya mfuko mweusi, na nilimfungia Mama nje ya jikoni mpaka nilipoibandika. Akasimama kwenye alama, akafunika jicho la kulia kwa kijiko cha mbao.

Akasoma mstari wa kwanza. Wa pili, polepole. Wa tatu alikosea moja, akarudi, akairekebisha. Wa nne. Wa tano ulimchukua dakika nzima, kidole hewani. Daktari alikuwa ametumaini mistari mitatu.

Kwenye wa sita akasimama. Alikunja uso, akasogeza kichwa kidogo, akarudisha. Nilijua herufi. Nilikuwa nazo midomoni. Ningeweza kumwonyesha kwa jicho tu, naye ni mwepesi, angeshika.

"Ile ya kwanza," akasema, "naona kuna kitu pale. Kitu kipo kwelikweli. Lakini sijui ni nini."

Akashusha kijiko, akanigeukia kwa macho yote mawili.

"Andika hivyo hivyo," akasema.

Nikaandika hivyo hivyo.